Waliberali wa Hamtramck

Vijana wakiniuliza ilikuwaje chama cha Democratic cha Marekani, ambacho mwaka 1960 nilikikuta mikononi mwa wafanyakazi wa viwandani, kikaja kuwa chama cha wenye digrii, huwaanzia na habari za Hamtramck. Ni mji mdogo wa jimbo la Michigan, umezungukwa na Detroit karibu pande zote, na eneo lake halifiki kilomita sita za mraba. Mwaka 1930 walibanana humo watu zaidi ya 56,000, wengi wao Wapolandi waliofuata kazi katika kiwanda cha magari cha Dodge Main, jengo la ghorofa nane lililotawala upande wa kusini wa mji. Roosevelt mwenyewe alikwenda huko mwaka 1936 kufungua uwanja wa michezo wa Keyworth, uliojengwa kwa fedha za serikali ili wasio na kazi wapate kazi. Nilipofika mimi, wazee walikuwa bado wakiusimulia ujio ule kama watu wa kwetu Mombasa wanavyosimulia ziara ya Sultani.

Nilifika Septemba 1960 na moja ya ndege za Tom Mboya zilizopeleka vijana wa Kiafrika kusoma Marekani. Safari ile yenyewe ilikuwa zao la uliberali wa siku zile. Serikali ya Eisenhower ilikuwa imekataa kulipia ndege. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na seneta kijana aliyekuwa akigombea urais akapata jambo la kuwaeleza wapiga kura Weusi. Mboya naye alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, na viongozi wa AFL-CIO, shirikisho la vyama hivyo Marekani, walimpokea kabla wanasiasa hawajamjua. Palikuwa na wema ndani yake, na palikuwa na hesabu: kijana wa Kiafrika aliyesoma Detroit hakwenda kusoma Moscow. Sikuona ubaya wowote. Nilikuwa nikitaka digrii.

Chuo changu kilikuwa Wayne State, katikati ya Detroit, lakini chumba cha bei niliyoimudu nilikipata Hamtramck, kwa familia ya Weusi waliohama Alabama wakati wa vita. Mwenye nyumba alikuwa akipiga rangi magari Dodge Main. Mkewe nilimwita Mama, naye akaniita mwanangu, na kodi ikichelewa hakunikumbusha mbele ya watu.

Jioni, akishaoga na kula, mzee yule alikuwa akitoa kijitabu cha mkataba kati ya kampuni na chama cha wafanyakazi, UAW. Kilikuwa kidogo, cha kuenea mfuko wa shati, na kurasa za katikati zilikuwa na alama za vidole vyenye rangi. Humo mliandikwa malipo ya kila kazi kwa saa, nyongeza ya kufuata bei za sokoni, bima ya matibabu, likizo, pensheni. "Siasa yangu ni hii, mwanangu," aliniambia, na hakuwa akitania. Uliberali wa mtaa ule ulishikika mkononi: umeandikwa, umetiwa sahihi, na msimamizi akiukiuka unaita mwakilishi wa chama aje papo hapo kwenye mashine.

Jambo moja halikuwamo katika kijitabu kile, na nimelifikiria kuliko mengine yote. Majira ya baridi ya 1945 na 1946 Walter Reuther wa UAW aliongoza mgomo wa siku 113 dhidi ya General Motors. Alidai mshahara upande kwa asilimia 30, kisha akadai kampuni isipandishe bei ya magari. Na ikiwa inasema haiwezi, ifungue vitabu vyake vya hesabu watu wajionee. Kampuni iliongeza senti kumi na nane na nusu kwa saa. Vitabu haikufungua. Mwaka 1950 Reuther, sasa akiwa rais wa UAW, alitia sahihi na General Motors mkataba wa miaka mitano ambao wengi wameuita Mapatano ya Detroit, na Chrysler, wenye Dodge Main, wakakubali pensheni baada ya mgomo wa zaidi ya siku 100. Wafanyakazi walipata mambo ambayo baba zao hawakuyaota. Kampuni nazo zikabaki na uamuzi wa gari gani litengenezwe, kwa mitambo gani, na kiwanda kijengwe wapi. Kati ya 1947 na 1963, miaka ambayo tunaambiwa ilikuwa ya neema, Detroit ilipoteza ajira za viwandani 134,000. Kazi zilihamia vitongojini, majimbo jirani na kusini, na mkataba haukuwa na neno juu ya hilo. Wanaotafuta mwanzo wa anguko la uliberali wa Marekani hutaja Vietnam, au ghasia, au Reagan. Mimi hutaja mkataba ule, uliosherehekewa na kila mtu.

Kiangazi cha 1963 nilipata kibarua Dodge Main. Bodi za magari zilipanda na kushuka ghorofa kwa ghorofa, na kadiri ulivyokaribia vyumba vya kupigia rangi ndivyo nyuso zilivyozidi kuwa nyeusi. Humo mlikuwa na joto na ukungu wa rangi. Tukipenga kamasi, ilitoka na rangi ya magari ya siku hiyo. Mafundi stadi wa umeme na mitambo walikuwa wazungu karibu wote. Wote hao, wa rangi na wa umeme, walikuwa wanachama wa tawi moja, Local 3, na wengi sana wao walikuwa wamempigia kura Kennedy.

Jumapili ya tarehe 23 Juni nilitembea Barabara ya Woodward nyuma ya Martin Luther King, katika umati uliokadiriwa kufika watu 125,000. Reuther alikuwa mstari wa mbele, pamoja na meya Jerome Cavanagh. Katika ukumbi wa Cobo King alizungumzia ndoto yake, miezi miwili kabla ya hotuba ya Washington ambayo dunia inaikumbuka. Ilikuwa siku kubwa. Septemba ya mwaka uliofuata wapiga kura wa Detroit wakapitisha, kwa asilimia 55, sheria ndogo ya kumruhusu mwenye nyumba kubagua mnunuzi na mpangaji. Novemba walewale wakamchagua Johnson kwa kishindo. Mahakama iliitupa sheria ile, lakini ujumbe ulikuwa umeshafika: mzungu wa Detroit aliweza kuwa mliberali kutwa nzima kiwandani, na jioni akauacha uliberali nje ya uzio wa nyumba yake.

Watoto wa vyuo nao walikuwa wakijitafutia uliberali wa namna nyingine. Juni 1962 wanafunzi wa SDS, chama cha vijana wa mrengo wa kushoto, walikutana Port Huron, katika kambi ya UAW, wakaandika tamko refu juu ya demokrasia ya kushiriki, ubaguzi, bomu la nyuklia na upweke wa mtu katika nchi tajiri. Kambi ilikuwa ya wafanyakazi, maneno yakawa ya wanafunzi. Niliwajua vijana wa aina hiyo pale Wayne State. Walikuwa wema, na walikuwa wamechoshwa na maisha ya utulivu ambayo mwenye nyumba wangu aliyatafuta tangu Alabama.

Ghasia za Julai 1967 nitazipita haraka, zimeandikwa vya kutosha: watu 43 waliuawa, Johnson alileta askari wa miavuli, na haya yalitokea katika mji ambao Washington iliutaja kuwa mfano wa vita dhidi ya umaskini. Yaliyoandikwa kidogo ni ya Dodge Main mwaka uliofuata. Tarehe 2 Mei 1968 wafanyakazi waligoma bila idhini ya chama kwa sababu mkanda wa kuunganishia magari ulikuwa umeongezwa kasi. Waligoma Weusi na wazungu, wakiwamo akina mama wa Kipolandi, lakini adhabu ziliwaangukia zaidi Weusi. General Baker (General ni jina lake, si cheo) alifukuzwa kazi, na kundi la wafanyakazi Weusi, DRUM, likazaliwa. Vijana wake waligawa karatasi getini zikiishutumu kampuni, na zikiishutumu vilevile UAW, chama kilekile kilicholipia vipaza sauti vya maandamano ya Washington. Vuli ile mgombea wao, Ron March, aliwania nafasi ya udhamini katika Local 3 akaongoza raundi ya kwanza. Katika raundi ya pili wastaafu wa Kipolandi, waliokuwa bado na haki ya kupiga kura, walihimizwa waje. Walikuja, na March akashindwa.

Mwenye nyumba wangu alimpigia kura March, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kusema neno baya juu ya chama. Jioni ile alikaa jikoni akasimulia jambo moja tu: jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye mwaka 1950 waligoma pamoja kwa ajili ya pensheni, amekuja na mkongojo kupiga kura dhidi yao. Pensheni ileile ndiyo iliyomweka mjini hadi siku ya kura.

Kwa hiyo sina subira na wanaosema waliberali waliwatupa wafanyakazi wakawafuata Weusi. Weusi walikuwa wafanyakazi. Walikuwa ndani ya kiwanda, kwenye ukungu wa rangi, wakidai nafasi katika nyumba waliyoijenga pamoja na wengine. Halmashauri ya Hamtramck, ngome ya Democratic, ilitumia fedha za serikali kuu za kuboresha miji kubomoa mitaa ya Weusi; mwaka 1971 Jaji Damon Keith alihukumu kwamba mji ulikusudia kuwaondoa. Aliamuru nyumba zijengwe kwa ajili yao. Za mwisho zilikamilika karibu miaka 40 baadaye.

Kuanzia hukumu ile niliona uliberali ukihama kutoka ukumbi wa chama kwenda ofisi za mawakili. Yaliyoshindikana kwa kura yalitafutwa kwa majaji, na mengi yalikuwa ya haki tupu. Wakati huo nilikuwa nikifundisha historia katika shule ya sekondari Detroit. Jaji mmoja wa shirikisho aliamuru watoto wapelekwe kwa mabasi kati ya mji na vitongoji ili shule zichanganyike, na vitongoji vikawaka hasira. Tarehe 16 Mei 1972, siku moja baada ya kupigwa risasi Maryland, George Wallace, gavana aliyesimama mlangoni kuzuia Weusi wasiingie chuo kikuu, alishinda mchujo wa Democratic katika jimbo la Reuther. Reuther hakuyaona hayo. Ndege ilikuwa imemuua miaka miwili kabla. Novemba George McGovern, kipenzi cha wanafunzi, alishinda Massachusetts na mji mkuu basi, huku AFL-CIO ikiwa imekataa kumuunga mkono. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wanne, ikaamua kwamba vitongoji havihusiki na ubaguzi wa shule za Detroit. Darasani kwangu wazungu waliisha.

Coleman Young alichaguliwa meya wa Detroit mwaka 1973, Mweusi wa kwanza. Alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi hasa. Mwaka 1952 aliwajibu kwa ukali wabunge wa kamati iliyowinda wakomunisti, na santuri ya majibu yake ilichezwa majumbani. Januari 1980 Dodge Main ilifungwa, ingawa serikali ilikuwa imetoka kukubali kuidhaminia Chrysler mkopo wa dola bilioni 1.5. Kisha General Motors ikasema itajenga kiwanda kipya mahali pale endapo itapewa haraka ekari zaidi ya 460, upande wa Hamtramck na upande wa Detroit, mtaa wa Poletown. Isipopewa, itakwenda kwingine. Ahadi ilikuwa ajira 6,000.

Young alitwaa ardhi kwa nguvu ya sheria. Zaidi ya watu 4,000 waliondolewa, na pamoja na nyumba zao zilivunjwa hospitali, maduka na makanisa. UAW iliunga mkono. Uongozi wa Kanisa Katoliki uliuza parokia ya Immaculate Conception kinyume cha matakwa ya waumini. Machi 1981 Mahakama ya Juu ya Michigan ilibariki, majaji watano kwa wawili. Waliosimama na wakazi ni padri wao, Joseph Karasiewicz, na watu wa Ralph Nader waliotoka Washington. Magazeti yalipiga picha za mabibi wa Kipolandi wenye vitambaa kichwani, ingawa karibu nusu ya wakazi wa Poletown walikuwa Weusi.

Nilikwenda pale mwezi Julai, wakati waumini walipokuwa wakilala kanisani kuzuia lisibomolewe. Chini ya kanisa bibi mmoja alikuwa akimenya viazi kwenye ndoo. Aliniuliza kama natoka gazetini. Nilipomwambia nilikuwa nikipanga Hamtramck zamani, alinitajia wakuu wote waliomwangusha, mmoja mmoja, akitupa ganda kwa kila jina: meya, gavana, askofu, chama cha wafanyakazi. "Wote nimewapigia kura," alisema, kisha akacheka, "isipokuwa askofu." Alfajiri ya tarehe 14 polisi walivunja mlango wakawatoa. Kiwanda kilifunguliwa mwaka 1985, na ajira hazikufika 6,000.

Wako wanaomlaani Young hadi leo. Mimi simlaumu sana. Mji wake ulikuwa ukikata roho, na mwenye kuamua kiwanda kijengwe wapi hakuwa meya, wala Rais, wala chama cha wafanyakazi. Mlango huo ulikuwa umefungwa tangu 1950. Mkomunisti wa jana na mliberali wa leo wakibaki na kazi moja tu, ya kuibembeleza kampuni isiondoke, tofauti yao inaishia wapi?

Watoto wa Wapolandi walikuwa wameshahamia kaunti ya Macomb, kaskazini ya Detroit. Kaunti ile ilimpa Kennedy asilimia 63 mwaka 1960, na mwaka 1984 ikampa Reagan asilimia 66. Mtafiti Stanley Greenberg alikwenda kuwasikiliza, akarudi na habari kwamba kila kilichowaharibikia walikitafsiri kwa Weusi. Chama kilichukua somo hilo nusu. Bill Clinton alijifunza kusema na watu wa Macomb, lakini Novemba 1993, mkataba wa biashara huria wa NAFTA ulipofika bungeni, aliyeongoza upinzani alikuwa David Bonior, mbunge wa Macomb na mnadhimu wa chama cha Clinton mwenyewe. Wademokrati 156 waliukataa, 102 wakaukubali, na kwa kura za Republican ukapita, 234 kwa 200. Mwaka 1996 Clinton akasaini sheria ya kuweka kikomo cha miaka katika misaada kwa mama maskini. Jawabu la uliberali mpya lilikuwa moja: someni. Nami mwalimu nililirudia kila asubuhi. Wanafunzi wangu waliosoma waliondoka Detroit, kama walivyoshauriwa.

Nyumba za Wapolandi Hamtramck zilijazwa na Wayemeni na Wabangladeshi. Mimi mtoto wa Kibokoni, Mombasa, sikutarajia kuagiza kahawa chungu kwa Mhadhrami katika mtaa ule, wala kusikia adhana kwa kipaza sauti. Mwaka 2004 halmashauri, ambayo bado haikuwa ya Waislamu, iliiruhusu, na waliberali waliitetea mbele ya kamera za nchi nzima. Kufikia mwanzoni mwa 2022 halmashauri yote ilikuwa ya Waislamu, na Juni 2023 ikapiga marufuku bendera za upinde wa mvua kwenye majengo ya umma. Mwaka 2024, hasira za Gaza zikiwa zimepanda, meya Amer Ghalib akamuunga mkono Trump. Rafiki zangu wa zamani waliniandikia wakisema wamesalitiwa. Niliwajibu kwamba haki ya kuabudu waliyoitetea haikuwa mkopo wa kulipwa kwa kura. Wamezoea kufikiri kwamba atakayepewa haki atageuka kuwa wao. Wapolandi hawakugeuka, walipewa mkataba na wakabaki Wapolandi.

Septemba 26, 2023, Joe Biden alisimama na wagomaji wa UAW Belleville, magharibi ya Detroit, Rais wa kwanza kufanya hivyo akiwa madarakani. Mgomo uliisha kwa mshahara kupanda asilimia 25 ndani ya miaka minne na nusu, na nyongeza ya kufuata bei ikarudi. Lililonigusa mimi ni jingine: wafanyakazi walipata haki ya kugoma kampuni ikitaka kufunga kiwanda, na Stellantis, warithi wa Chrysler, wakaahidi kufungua tena kiwanda walichokifunga Belvidere, Illinois.

Wakati huo nilikuwa nimesharudi Mombasa. Nilimpigia simu mjukuu wa mwenye nyumba wangu, anayeunganisha magari katika kiwanda cha Jefferson, nikamweleza habari za Reuther na vitabu vya hesabu. Alinisikiliza kwa adabu. "Hicho kipengele sijakifikia, mzee," alisema. "Nimesoma ukurasa wa mshahara."

Mwaka 2024 Stellantis ilipoahirisha Belvidere na chama kikatishia kugoma kwa haki ileile mpya, alinipigia yeye. Alikuwa amekisoma chote, na alikuwa na maswali ambayo sikuweza kuyajibu nikiwa Mombasa. Mwisho wa mwaka aliniambia pia kwamba amempigia kura Trump, kwa sababu ya ushuru wa magari ya nje. Babu yake angemfukuza mezani. Miezi michache baadaye Shawn Fain, rais wa UAW aliyemwalika Biden kwenye mstari wa mgomo, aliusifu ushuru huohuo hadharani, kwa hiyo nimeacha kubishana naye juu ya hilo. Tunazungumza habari za Belvidere, ambako Januari 2025 kampuni ilisema magari yataanza kutoka mwaka 2027.